Uji Nilioumwaga Nyuma ya Zizi

Fimbo ya kwanza ilinipata begani, ya pili mgongoni, ya tatu na ya nne sikuweza kuzitenganisha, ya tano ikavunjikia kwenye mwimo wa mlango. Nilihesabu tano. Baadaye, nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu mgongo haukutaka kuguswa na kitanda, nilihesabu tena kwa kupapasa alama nikapata sita. Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Nimeuza mitumba kwenye minada ya Endasak, Basotu na Katesh tangu biashara ilipofunguliwa, na asiyehesabu mara mbili mnadani hurudi nyumbani amevaa hasara yake mwenyewe.

Aliyenipiga alikuwa mume wangu. Mtoto wetu alikuwa na siku ishirini na moja. Kosa langu lilikuwa uji.

Kwetu, kwenye miteremko ya Hanang, mwanamke akijifungua halishwi kidogo. Anafungiwa ndani, anakatazwa jembe na ndoo, na kazi yake inakuwa moja tu, kula. Anaandaliwa uji wa ulezi mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama chenyewe, na ndani yake samli, maziwa na sukari. Anapotoka nje baada ya wiki kadhaa watu humtazama mashavu kama wanavyomtazama ng'ombe mnadani, na bei wanayoitaja kimoyomoyo si yake, ni ya mume wake. Mzazi aliyekonda ni tangazo kwamba nyumba hiyo ina njaa au ina ubahili.

Mpishi wa uji wangu alikuwa mama mkwe. Alikuwa akitia sukari vijiko tisa kwa kikombe kikubwa cha bati. Nilihesabu siku ya kwanza nikadhani nimekosea, nikahesabu siku ya pili, tisa vilevile, tena vya kulundika. Vikombe vitatu kwa siku. Sukari ile haikuwa uchoyo wala ujinga, na nalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yatamfanya aonekane mkatili. Yeye alizaa watoto wake zile enzi za foleni, wakati sukari ilipatikana kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Alizaa saba. Mmoja alikufa akiwa ananyonya titi lisilo na kitu. Alilibeba hilo kifuani miaka yote, na maduka yalipofunguliwa na sukari ikajaa mpaka kwenye kibanda cha kijiji, alinunua kama mtu anayelipa kisasi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na mfuko wa kilo hamsini. Ilikuwa ni ya wajukuu.

Lakini mimi nilikuwa na habari nyingine kuhusu sukari.

Mimba yangu ya kwanza ilibeba mtoto mkubwa. Nilikojoa sana, nilikunywa maji kama ngamia, na kila mtu alinisifia tumbo. Siku ya kujifungua kichwa kilitoka, mabega yakakataa. Mkunga wa kijiji akavuta. Akaita mwenzake, wakavuta wawili. Nilisikia kitu kikikatika, na mpaka leo sijui kilikatika kwake au kwangu. Alitoka amekufa. Mimi nilitoka nusu. Wanawake walimwosha wakimsifu hata akiwa maiti, wakisema mtoto gani huyu, kama ndama. Hakuna aliyeuliza kwa nini alikuwa kama ndama.

Aliyeuliza alikuwa nesi, miaka mitatu baadaye, kwenye mimba ya pili. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo, watumishi wanapangiwa kwetu kutoka kila upande, na huyu alikuwa ametoka Tabora, Mwislamu mwembamba, hana mume wala mtoto, anatetemeka kwa baridi yetu hata saa sita mchana. Alinipa kikopo, akachovya kijiti kwenye mkojo, kikabadilika rangi. Akanichoma kidole. Kisha akaniuliza kama sisimizi hukusanyika pale ninapokojoa. Nikamwambia wanakuja kwa foleni, kama watu wa sukari zamani. Hakucheka. Aliniambia nina kisukari cha mimba, na kwamba huenda nilikuwa nacho hata kwa yule wa kwanza.

Kuanzia siku ile nilikula kama alivyosema. Mimba ikatimia, nikazaa hospitalini, mtoto wa uzito wa kawaida, mwenye sauti ya dalali. Siku ya kuruhusiwa nesi alinikalisha pembeni. Nilimwambia basi tumemaliza, kidole kimepona. Akasema hapana.

"Kimeondoka, mama, lakini nyumba yako kimeshaijua. Usikifungulie mlango."

Akanihesabia, nami nikamhesabia tena mpaka tukakubaliana. Mboga nusu ya sahani. Ugali usizidi ngumi yangu. Maharage, maziwa yasiyo na sukari, nyama isiyo na mafuta mengi. Kutembea kila siku. Kunyonyesha kwa bidii, maana na kwenyewe kunasaidia. Wiki ya sita nirudi sijala kitu tangu usiku, anichome kidole tena, na baada ya hapo kila mwaka, hata nikijisikia mzima. Nikipuuza, alisema, kinaweza kurudi kisiondoke tena, kikala macho, kikala miguu, na mimba ijayo ikawa kama ile ya kwanza.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyoondoka nayo. Mengine niliyapokea kwa heshima.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama mkwe kila kitu, kwa upole, baada ya shikamoo. Alicheka. Kisukari, alisema, ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi huko Arusha, na tangu lini msichana asiyezaa akafundisha watu kulea mzazi. Mume wangu hakucheka. Yeye aliuliza tu kama nataka watu waseme hanilishi.

Kwa hiyo nilifanya kile mfanyabiashara anachofanya akikutana na mtu asiyepunguza bei. Nilisema ndiyo, halafu nikafanya yangu. Mama mkwe akileta kikombe ninapokea kwa mikono miwili, nashukuru, na akitoka napitia mlango wa nyuma mpaka nyuma ya zizi, namwaga. Ilikuwa pia ndiyo matembezi yangu. Hatua sitini kwenda, sitini na mbili kurudi, sijui kwa nini. Kisha nakula mboga ya mnafu na maharage aliyokuwa akinipitishia jirani.

Kosa langu lilikuwa mbwa. Sikumhesabu. Alianza kuja nyuma ya zizi mara tatu kwa siku, kwa saa, kama mtu aliyeajiriwa, na baada ya wiki mbili alikuwa ndiye mzazi mwenye afya kuliko wote katika mji ule. Manyoya yanang'aa, mbavu hazionekani. Mume wangu, ambaye hakuwahi kumtazama mbwa yule isipokuwa kumpiga teke, akamtazama. Akamfuata. Akakuta udongo uliokauka mweupe kwa uji, na samli imeganda kwenye majani.

Alianza kwa kumpiga mbwa. Halafu akaja kwangu na fimbo ya kuchungia. Maneno aliyoyasema sitayaandika yote. Alisema ninampa mbwa maziwa ya mtoto wake. Alisema yule wa kwanza nilimuua kwa makusudi. Hapo ndipo nami nilipomrukia usoni, kwa kucha, nikamchana kutoka jichoni hadi kidevuni, na hilo pia ni hesabu, siwezi kuandika za kwake nikaacha za kwangu. Kisha zikaja zile tano, au sita.

Aliyepiga yowe si mimi. Alikuwa mama mkwe. Alisimama katikati ya uwanja na mtoto mkononi, akapiga yowe lile refu la wanawake wa kwetu ambalo likisikika hata anayekamua huacha chuchu. Kwetu, na kwa jirani zetu wafugaji ambao tumeishi nao mpaka desturi zikachanganyika, kumpiga mzazi aliye ndani ni kuwapiga wanawake wote. Haijalishi kosa lake. Na aliyelipiga yowe dhidi ya mwanamume yule alikuwa mama yake mzazi.

Walikuja na fimbo. Nilihesabu wanawake thelathini na mmoja, nikarudia nikapata thelathini na watatu. Mume wangu alijificha ghalani, nyuma ya magunia ya mahindi. Walimburuta nje wakimshika miguu. Hawakumpiga kama wanaume wanavyopiga, kwa hasira na kuacha. Walimpiga kwa zamu, wakiimba, kila mmoja akipata nafasi yake, kama watu wanaotwanga. Mmoja aliuliza kama shavu lile lilichanwa na paka. Mwingine akasema paka yule apewe maziwa. Mume wangu alikaa kwenye vumbi, damu inamtoka sikioni, ameshika kichwa, na mama yake alisimama palepale hakuwaambia waache. Walipochoka wakataja faini, fahali mweusi asiye na doa. Yeye alikuwa na fahali wa kahawia. Ilibidi aende kubadilishana na mtu wa Basotu, na aliongeza mbuzi juu.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Wanawake walikuwa wamekaa kupumzika, nami nimeshafunguliwa gauni, mgongo unapakwa mafuta, mama mkwe akasimama tena mbele ya kikao.

Akasema sasa na yeye ana shitaka. Akasema nimemwaga chakula cha mzazi siku ishirini na moja, ulezi, samli na sukari, nikampa mbwa, na mtoto ananyonya titi la mtu anayejinyima. Akalia alipofika hapo. Wale waliojua habari ya mtoto wake aliyekufa wakainamisha vichwa.

Nilidhani wako upande wangu, kwa sababu walikuwa wamenipigania. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba walikuwa wamelipigania tumbo lililozaa, si mimi. Kiongozi wa kikao, mama mzee mwenye sauti ya chini, hakuhitaji hata kushauriana. Aliagiza kikombe kiletwe. Wawili walinishika mikono, juu ya mabega yaleyale yaliyovimba. Mmoja akanibana pua. Ukibanwa pua utafungua mdomo, hilo halina mjadala. Uji uliingia moto, mtamu mpaka meno yakauma, ukapita koo, ukapita njia isiyo yake, nikakohoa ukatoka puani. Wakajaza tena. Kikombe cha pili nilikitapika chote, juu yangu na juu ya aliyenishika.

Kikombe cha tatu hakikujazwa. Hata kwao, mzazi aliyetapika uji ni jambo la kufikirisha. Nikaona mwanya, na mimi mwanya siuachi.

Nilisema, nikiwa nadondosha uji kidevuni, kwamba nataka kuongea bei.

"Hapa si mnadani," alisema mama mzee.

Nikamwambia najua. Nikamweleza kuhusu yule wa kwanza, kama ndama, ambaye wengi wao walimwosha kwa mikono yao. Nikasema nesi anadai aliuawa na utamu uliokuwa damuni mwangu. Labda nesi ni mwongo. Lakini ana kipimo, na wiki ya sita atanichoma kidole. Basi waniachie sahani yangu mpaka siku hiyo. Nyama ya faini nitakula mbele yao, maziwa nitakunywa, mtoto watampima kwa macho kila Jumapili baada ya ibada wakitaka. Siku ya kipimo mama mkwe aende na mimi aone mwenyewe. Damu ikiwa safi, hakuna mtu atakayenishikia kikombe tena. Ikiwa mbaya, nitakunywa uji wake mpaka nifike uzee.

Sehemu ile ya mwisho ilikuwa ujinga, kwa sababu damu ikiwa mbaya ndipo uji ungeniua haraka zaidi. Lakini mnunuzi hasogei bila kuona unatoa kitu kinachouma. Mama mzee alinitazama sana. Akamuuliza mama mkwe kama anakubali. Mama mkwe akafuta macho, akasema anakubali, na kwamba atakwenda na mimi ili nesi yule asinidanganye mara ya pili.

Wiki tatu zile nilikula kwa kuhesabu. Ugali ngumi moja. Mama mkwe akinitazama kila tonge kama karani wa mizani. Mume wangu hakunigusa wala kunisemesha, alikuwa na sikio moja lisilosikia vizuri na fahali pungufu. Usiku wa kuamkia kipimo sikula baada ya jua kuzama. Asubuhi tukaondoka, mimi nimembeba mtoto mgongoni, mama mkwe nyuma yangu na kikapu, mwendo wa saa tatu kushuka hadi barabarani na kufika hospitali.

Upepo wa mlimani ulikuwa mkali. Saa ya pili magoti yakaanza kutetemeka. Nilikuwa nimemnyonyesha mtoto mara mbili njiani na tumboni hamna kitu. Nikakaa kwenye jiwe. Mama mkwe akaweka kikapu chini, akafunua kitenge, na ndani yake mlikuwa na soda. Alikuwa ameinunua jana yake na kuificha. Akaing'oa kizibo kwa meno.

Nilimwambia, mama, nikinywa hiyo kipimo kimekufa. Akasema anayekaribia kufa ni mimi, mbele ya macho yake, na mtoto mgongoni. Hakuwa anataka kushinda. Nimelifikiria sana hilo. Alikuwa amesahau kabisa makubaliano yetu. Alikuwa anamwona yule mtoto wake wa zamani, na titi lisilo na kitu. Akanishika shingo kwa nyuma, kwa mkono uliopalilia miaka hamsini, akanisukumia chupa mdomoni. Kioo kikagonga meno. Nilikaza midomo. Soda ikanimwagikia kifuani, mtoto akaanza kulia mgongoni, yeye akaongeza nguvu.

Mkono wangu wa kwanza ulikuwa wa kusukuma chupa. Wa pili ulikuwa wa kupiga. Nimeihesabu mara mbili, tatu, kwa miaka mingi, nikitafuta namna ya kuwa na mkono mmoja tu, na kila mara inakuja miwili. Nilimpiga mama mkwe mdomoni. Akakaa chini kwenye vumbi la njia, mguu mmoja umekunjika chini yake, damu inashuka kidevuni, kitambaa kimeanguka, na nywele zake nyeupe nikaziona kwa mara ya kwanza.

Hakulia. Alitema damu, akatema na kipande cha jino, akakitazama kiganjani.

"Nitasema," alisema.

"Sema, mama."

Nikamwinua. Alikubali kuinuliwa. Tulitembea saa iliyobaki, yeye sasa akiwa mbele.

Nesi alimwona mdomo, akanitazama mimi, akachukua pamba akamsafisha kwanza. Alimwamkia shikamoo, na mama mkwe, kwa mdomo uliovimba, akaitikia marahaba, kwa sababu salamu haina ugomvi na mtu. Kisha nesi akauliza kama nimekula. Mama mkwe akajibu kabla yangu. Akasema hajala kitu tangu jana, hajanywa hata tone.

Akanichoma. Kile kipimo kidogo kikafikiri. Kikasema tano nukta mbili. Nesi akasema ni nzuri, iko chini ya kiwango cha hatari. Nikamwomba achome kidole kingine. Alisema si lazima. Nikamwambia, kwangu mimi ni lazima. Akachoma, tano nukta moja. Nikamgeukia mama mkwe nimwonyeshe. Alikuwa ameshaviona vyote viwili, ameinamia ile mashine, pua karibu iguse.

Aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama sasa imekwisha, mkwewe anaweza kula kama watu. Nesi akamwambia ukweli, kwamba haijaisha na huenda isiishe, kwamba kila mwaka nitarudi hivi hivi na tumbo tupu, na sahani yangu itabaki hiyo hiyo. Mama mkwe akaguna. Nilijua anachofikiria, kwamba niliuza kwenye kikao kitu ambacho sikuwa nacho, mwisho wa ugonjwa. Na alikuwa sahihi.

Alisema, kama alivyoahidi. Wanawake wakakaa tena. Kwanza wakasikia habari ya damu, kutoka kwa mdomo wake uliochanika, tano na mbili, tano na moja, akaisema sawasawa bila kupunguza. Mama mzee akatamka kwamba sahani ni yangu. Halafu wakaja kwenye jino. Nikatozwa mbuzi dume. Nilijaribu kuwashusha hadi jogoo wawili. Walinicheka, na mmoja akaniuliza kama ninataka pia kulirudisha jino kwa nusu bei.

Mbuzi alichinjwa uwanjani kwetu. Kwa desturi, aliyekosewa ndiye hukata nyama na kugawa, na siku ya fahali nilikuwa nimekata mimi. Mama mkwe alishika kisu. Aligawa mafuta ya figo, aligawa utumbo uliojaa, aligawa mbavu zinazodondosha, kila mwanamke akapata, kila mmoja akalamba vidole. Zamu yangu ilipofika alikata pande la paja, akalikagua, akaanza kulikwangua. Aliondoa ukanda mweupe wa juu. Akageuza, akaondoa na wa chini, polepole, hakubakiza. Kikabaki kipande chekundu, kikavu, kama nyama ya kumpa mtu usiyempenda.

"Mkono wenye nguvu namna hii hauhitaji mafuta," alisema, akanitupia sahanini.

Wanawake wakacheka sana, wakapigana mabega, wakidhani anamalizia adhabu. Hakunitazama. Nilikula kile kipande chote, na mnafu wangu, na ugali ngumi moja.